Mfasiri wa Base Camp na Swali la Bodaboda

Saa mbili na nusu asubuhi, benchi la kliniki ya Base Camp limeshajaa. Mariette Nabintu anasimama kati ya muuguzi na mgonjwa, mikono nyuma, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio yenye betri hafifu.

"Muulize, maumivu yalianza lini?" anasema kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji, muuguzi Jamidah, Mganda mzaliwa wa Mbarara.

Mariette anauliza kwa Kiswahili cha Kivu. Mwanamke anajibu kirefu, anashika mgongo, analia kidogo. Mariette haongezi wala hapunguzi. Hata kilio anakieleza: "Anasema anaogopa kufa kama dada yake."

Hiyo ndiyo kazi yake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, tangu mwaka 2008. Hupokea posho ya shilingi elfu tano kwa siku, na siku nyingine huhudumia watu arobaini. Ana umri wa miaka thelathini na tisa, na alikuja kutoka Kivu Kusini, Kongo, mwaka 2002 akiwa na watoto wawili.

Kinyankore alikipata Bwizibwera, karibu na Mbarara, alikofanya kazi miaka mitatu akiosha madebe kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

"Bale bamama ba Bwizibwera balinicheka sana," anasema. "Lakini kila nikikosea, walirudilia neno mpaka nalishika. Niko nabashukuru mpaka leo."

Watu wengi Nakivale, hata hivyo, hawamjui kwa kazi ya kliniki. Wanamjua kwa mchana mmoja wa Januari 2011.

Siku hiyo Amon Rwakabuba, mgombea uenyekiti wa gombolola, yaani kata, alifika sokoni Base Camp kuomba kura. Wakimbizi hawapigi kura, lakini wenyeji wa vijiji vya jirani hujaa pale siku ya soko. Msaidizi wake alitaka kila mtu aelewe, akamwomba Mariette asimame kando ya kipaza sauti amfasirie kwa Kiswahili.

Hotuba yote ilihusu barabara. Rwakabuba aliahidi kusukuma halmashauri iweke makalavati matatu pale maji yanapokata njia kila masika. Aliahidi pia kuwa malori ya ndizi yatapimwa uzito ili yasiivunje barabara ya changarawe. Mariette alifasiri, watu wakapiga makofi.

Kisha mgombea akafika kwenye bodaboda. Alisema madereva wenyeji wanalalamika kwamba wakimbizi wanawanyang'anya abiria, na kwamba ajali ikitokea, mwenye pikipiki hajulikani. Akichaguliwa, alisema, bodaboda ya mkimbizi haitabeba abiria kupita mpaka wa makazi.

Ikawa zamu ya Mariette kufasiri.

"Ningeweza kulainisha," anakumbuka. "Ningesema tu, 'ataweka utaratibu.' Nani angejua? Lakini mimi kazi yangu ni mudomo wa mwingine. Nikidanganya leo sokoni, kesho mugonjwa ataniamini namna gani?"

Akafasiri yote kama yalivyosemwa. Makofi yakakatika. Madereva wakimbizi kama kumi waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakashuka. Mmoja akapiga kelele kwamba Mariette amehongwa.

Hapo ndipo Constance, muuza sombe, yaani kisamvu, alipoinua mkono. Alikuwa amembeba binti yake wa mwaka mmoja na nusu.

Alieleza kwamba uchungu wa kumzaa mtoto huyo ulimshika mchana wakati gari la wagonjwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Dereva mkimbizi wa bodaboda aitwaye Emery alimpakia, dada yake akakaa nyuma kumshikilia, wakaendeshwa polepole hadi barabara kuu, walikopata gari la kwenda Mbarara. Hospitalini waliambiwa mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wangechelewa kidogo tu, wasingepona.

"Sasa, Mariette, mumuulize huyu baba," Constance akamalizia. "Kama sheria yake ingekuwako, Emery angenishusha fasi gani? Ku mupaka? Aniache mu barabara na mimba yangu?"

Mariette alifasiri neno kwa neno.

Rwakabuba alishuka kwenye meza aliyokuwa amesimama juu yake, akamwendea Constance, akamshika mtoto mguu. Akauliza jina lake. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

"Nilifikiria abiria wa kwenda sokoni," alisema. "Wagonjwa sikuwafikiria. Mama huyu amenisahihisha."

Mwenyeji mmoja akapendekeza wagonjwa pekee waruhusiwe. Emery, aliyekuwa nyuma, akauliza nani atampima mgonjwa pale mpakani. Watu wakacheka, mgombea naye akacheka.

"Basi waandikishwe wote," akasema Rwakabuba. "Mwenyeji na mkimbizi, kila mmoja awe na namba mgongoni. Ajali ikitokea, tutajua nani."

Baadhi ya madereva wenyeji waliondoka kwa hasira. Rwakabuba alishinda kwa kura chache. Miezi mitano baadaye uandikishaji ulianza, na leo, mwishoni mwa 2012, jaketi zenye namba zimevaliwa na madereva 118, wakimbizi wakiwa 43. Makalavati mawili yamewekwa. La tatu bado.

"Kalavati tunalidai," anasema Emery, namba 17, akifuta kiti cha pikipiki yake. "Lakini yule mzee alisikiliza. Batu wakubwa wanaosikiliza si mingi."

Mariette hataki sifa. Anamshukuru Constance kwa kusema mbele ya umati, na anamshukuru Rwakabuba kwa kutoona aibu kubadili msimamo hadharani. "Mimi nilipitisha tu maneno," anasema.

Sasa ana mpango mwingine. Wiki iliyopita mwanamke wa Kisomali alifika kliniki na maumivu ya tumbo la uzazi. Aliyeweza kumfasiria alikuwa mume wa jirani yake tu. Mwanamke alitazama chini, akasema ni kichwa kinachomuuma, akapewa dawa ya kichwa, akaondoka. Ukweli ulijulikana baadaye tu.

Mariette ameshapata mwalimu wa Kisomali, mama Msomali muuza vitambaa pale sokoni. Wamekubaliana kukutana kila Jumapili baada ya misa.

"Jumapili ya kwanza nataka anifundishe kusema neno moja," anasema. "'Mama, tuko wanawake peke yetu humu. Sema.'"