Shangazi na Mabomba ya Wizi

Miaka ile ya soko huria, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki: kichwa, mifupa na nyama iliyomponyoka mwenye kisu. Niliyakaanga Mkolani, ndani ya mafuta ya sangara yuleyule. Shangazi yangu alinisaidia kuuza, yaani kugombana na wateja.

Aliponionyesha uvimbe kwenye titi, nilihesabu miezi aliyouficha. Minne. Nikahesabu tena, minne ileile. Kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana wa Kihaya, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Tuutoe mapema. Uvimbe kama huu huota mishipa yake wenyewe, ukajivutia damu."

Shangazi akasimama. "Mimi nina mshipa? Mwanangu, umewahi kuona mwanamke ana busha?"

Kwetu mshipa ndio huo wa wanaume, unaoteremka kwenye suruali. Akajifunga kanga, akaondoka. Operesheni hataki tena kuisikia.

Nikabaki na daktari. "Hilo neno litoe, weka jingine."

"Ndilo neno lake hasa."

"Atakufa nalo."

Tukavutana, tukaafikiana: mabomba.

Daktari aliishi Buhongwa, mbele kidogo ya Mkolani, hivyo jioni ile akapitia kwenye karai langu. Akaomba kichwa, akamgeukia shangazi.

"Mama, uvimbe ni jirani anayechepusha bomba lako la maji. Akipata maji, anaongeza chumba."

"Bila kuniuliza?"

"Bila."

"Mwizi huyo!" Akafikiri kidogo. "Na haya mafuta ya sangara? Nasikia ni dawa."

"Yapo mafuta ya samaki ambayo, kwa panya wa maabara, yameonekana kupunguza kuota kwa mabomba hayo. Mafuta mengine ya mbegu yakaonekana kuyachochea. Lakini wewe si panya, mama. Kula samaki, na kisu kipo palepale."

"Nikinywa vijiko vitatu kwa siku, kisu kisubiri mwezi."

"Hapana."

"Vitano. Wiki mbili."

"Hata pipa zima. Jumatatu."

Shangazi akanitazama nimsaidie. Nikageuza mapanki ambayo tayari nilikuwa nimeyageuza.

"Jumanne," akasema.

"Jumanne," akasema daktari.

Jumanne hiyo shangazi alinitangulia wodini. Nilimkuta amekaa kitandani, akimtia moyo binti wa kitanda cha pili aliyekuwa akilia.

"Nyamaza, mwanangu. Huyu daktari anapatana. Mimi ameniongezea siku nzima."