Ukuta Uliolala Kwaya Ikiruka

Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na alishaapa ataolewa kanisani kwetu Mugango, si kwingine. Tatizo, kanisa lilikuwa na ufa. Ulianzia juu ya dirisha la upande wa kwaya ukashuka mpaka pale ninaposimamaga mimi na sauti yangu ya besi. Tukiruka kwenye wimbo wa sadaka, vumbi lote kichwani kwangu. Wenzangu waliniitaga babu, eti nina mvi.

Wazee wa kanisa wakamleta injinia kutoka Musoma, mwanamke mmoja wa miwani. Akabandika ukutani visanduku vyeupe, kila kimoja kama kipande cha sabuni, havina waya hata mmoja. Ukuta ukitikisika vinahisi, vinatuma habari kwenye laptopu yake. Akasema atarudi Alhamisi kuvijaribu.

"Kuta zikiwa salama, harusi ndani. Zisipokuwa salama, nafunga mlango."

Dada akamtazama kama mtu aliyemkanyagia shela.

Alhamisi kwaya nzima tukaitwa. "Imbeni kama Jumapili," injinia akasema. "Msinionee huruma."

Kanisani hatujawahi kuambiwa hivyo. Tuliruka mpaka madirisha yakalia. Vumbi likanishukia kama kawaida. Nikachungulia laptopu: ukuta wa kwaya, mstari umenyooka, umelala fofofo. Ukuta wa mlangoni, ambako hakukuwa na mtu wala mbuzi, unacheza kutushinda sisi.

"Wa kwaya ni mzima," injinia akasema, huku anajikuna kichwa.

Dada, aliyekuja na mama kusikia majibu, akapiga vigelegele. Mimi sikuelewa. Kama ukuta ni mzima, hili vumbi linatoka mbinguni?

"Injinia, hebu simama hapa kwangu, turuke tena."

"Mura, nyamaza!" Dada akanifinya.

Injinia akaja. Tukaruka. Kipande cha lipu kikamdondokea begani. Akaangalia ukuta, akaangalia laptopu, akaniangalia mimi. Sasa tulikuwa wawili tusioelewa.

Mama, ambaye ni wa kikundi cha usafi, akasema kwa upole, "Lakini jana tulivibandua, tukafuta kuta kwa ajili ya harusi. Tukavifuta navyo, tukavibandika tena. Hakijapotea hata kimoja."

"Kila kimoja palepale kilipokuwa, mama?"

"Aa, mwanangu, si vyote vinafanana?"

Injinia akakaa kwenye benchi, miwani mkononi. Cha mlangoni kilikuwa kwa kwaya, cha kwaya kilikuwa mlangoni. Akavirudisha kwa namba zilizoandikwa mgongoni, tukaruka tena bila hamu, na mstari wa ukuta wangu ukapanda mpaka ukatoka nje ya kioo. Akaomba kufuli.

Jumamosi dada aliolewa nje, chini ya turubai, upepo wa ziwani ukimvuta shela. Tangu Alhamisi hakuwa ameniongelesha. Wakati wa keki akaniita mbele ya watu wote, akanisukumia mdomoni kipande kikubwa, nikashindwa hata kupumua. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananinyonga.