Bei Kwanza, Salamu Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi buti za mpira zilizonipwaya na redio ya betri. "Bibi shamba," akaniambia, "buti ni zako, redio ni ya wakulima. Usichanganye." Nikapelekwa Ngaramtoni kuendesha kikundi cha usikilizaji, yaani wakulima wanaosikiliza kipindi cha kilimo pamoja kisha kukijadili. Wazee wale hawakujadili. Walibishana na redio yenyewe, nami nikatakiwa kuitetea!

Soko huria lilinikuta nimehamishiwa Nduruma. Ushirika ulikuwa umelegea, na nyanya zilinunuliwa na dalali aliyekuja na lori mpaka shambani. Bei ya mjini aliijua yeye peke yake. Simu za mkononi zilipofika, nilishangilia kuliko wenye mashamba. Mzee Kaaya, mmoja wa wakulima wangu wa nyanya, alinunua moja, nikamuunganisha na Mama Aisha, muuzaji wa nyanya sokoni Arusha, awe anamwambia bei ya kweli.

Mavuno yakafika. Nyanya zimeiva, zikilala zinaoza, na dalali amesimama shambani akiapa kwamba mjini zimejaa tele. Mzee akakwangua vocha, akapiga. Wakati huo dakika za simu zilikuwa ghali.

"Marahaba, mama. Hujambo? Watoto? Baba yao? Na ule mgongo wa mama mkwe?"

"Mzee, bei!" nikamnong'oneza.

"Subiri, bado sijamaliza nyumba yake."

Simu ikakatika, vocha imekwisha. Dalali alicheka mpaka akaegemea lori. Akanunua kwa bei aliyoitaka, na mzee akakosa hela ya mabati ya nyumba aliyokuwa akijenga. Iliniuma sana.

Kwenye mkutano wa wakulima wa Nduruma nikatoa amri: bei kwanza. Wazee wakaguna.

"Unanifundisha ushenzi," akasema Mzee Kaaya. "Nitamuulizaje mtu nyanya kabla ya watoto?"

Tukavutana mpaka akakubali kwa sharti moja: salamu iliyorukwa ni deni, na lazima ilipwe.

Msimu uliofuata dalali akaja na kicheko chake. Mzee akapiga, akafumba macho kama anayemeza kwinini: "Mama Aisha, bei!" Akasikiliza, akakata, akamtajia dalali. Kicheko kikaisha, bei ikapanda palepale. Jumamosi mzee akavaa koti, akaenda mjini kumsalimia Mama Aisha na nyumba yake nzima, mama mkwe akiwemo.

Sasa nimestaafu, naishi Elerai. Vijana wanapata bei kwa ujumbe mfupi, nami nafurahi kwelikweli. Juzi simu yangu ikalia: Mzee Kaaya.

"Shikamoo, mzee. Vipi, nyanya zimeshambuliwa?"

"Marahaba. Nyanya nimewaachia wanangu. Nimekumbuka, miaka yote ile nilikupigia kuuliza dawa tu, sikukusalimia sawasawa. Leo nimejaza vocha. Haya, hujambo? Watoto? Baba yao?"

Nikamjibu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mgongo wangu, simu ikakatika.

Nikavaa kandambili, nikatoka mbio kununua vocha.