Mabati Mahali pa Vioo

Gari la maiti la mjomba wangu lilivunjwa mchana kweupe, mbele ya kanisa, likiwa tupu. Mjomba alikuwa ameliegesha palepale Cibitoke, mtaani kwetu, akaingia kumuuliza padri saa ya misa ya maziko. Alipotoka vijana walikuwa wamemaliza kazi. Hawakuiba kitu. Walivunja vioo vyote vinne vya ubavuni, vile virefu vilivyopinda kama ukingo wa bakuli, wakararua mapazia, wakapiga taa mateke, wakarukaruka juu ya boneti mpaka ikabonyea. Sababu tuliijua: wiki iliyotangulia gari lilikuwa limebeba maiti ya mtu wa upande wa pili wa vita.

"Nikibeba wa huku, wa kule wananichukia," mjomba alisema. "Nikibeba wa kule, wa huku njo hivi wanafanya. Sasa nibebe nani? Mbuzi?"

Lilikuwa gari la wakati wa Wabelgiji. Mjomba alilinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anahama, na kwa miaka mingi halikuwepo jingine la namna ile mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma historia, sina kazi, na nilikuwa na maswali kwa kila mtu. Nilimwuliza padri kwa nini anaomba kwa sauti ikiwa Mungu anasikia. Nilimwambia mjomba kwamba maiti hajui kama amepanda gari au toroli. Alinijibu kwamba wanaojua ni waliobaki, akaendelea kufagia vipande vya vioo.

Tulikuwa bado tunafagia alipokuja mama mmoja kutoka mtaa wa Kinama, kanga begani, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Mume wake, karani mstaafu, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari, kifo ambacho siku zile kilionekana karibu ni anasa. Maziko yalikuwa Jumamosi. Aliliangalia gari, halafu akatueleza jambo lake. Vita vilipoanza alimpoteza mtoto wake wa kiume, akabebwa kwa lori la mchanga, amefunikwa turubai. Yeye alikaa nyuma ameshika miguu ya mtoto ili asiteleze.

"Hakuna mutu alijua kama kunapita mutoto wangu," alisema. "Huyu muzee, mi nataka watu wamuone anapita."

Mjomba akamwambia gari litakuwa tayari.

Tulilikokota hadi mtaa wa Buyenzi, kwa fundi wa bodi ambaye babu yake alitoka Oman. Ndugu zake walikuwa na maduka ya vitambaa. Yeye alipenda nyundo. Alilizunguka gari, akapapasa boneti kama daktari anayepapasa tumbo.

"Hii kubonyea natoa," alisema. "Taa natengeneza. Lakini vioo, we mujomba, utavitoa wapi? Na hii ambargo?"

Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Hata betri ya redio ilikuwa shida, sembuse kioo kilichopinda cha gari ambalo kiwanda chenyewe kilishalisahau.

Hapo ndipo mimi nilitoa akili yangu. Nikasema: vioo vya nini? Gari linapigwa mawe kwa sababu watu wanaona kilichomo. Tuzibe madirisha kwa bati, tupake rangi nyeusi, liwe kama gari la kawaida la mizigo. Asiyeona hatauliza ni wa upande gani. Nilieleza kwa hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila moja ilikuwa sahihi.

"Mutoto wa iniversite," fundi alisema, akamgeukia mjomba. "Mi sijue. Sisi Waislamu tunakwendaka makaburini kwa mabega ya watu, hatuna mambo ya madirisha. Lakini anaongea vizuri."

Mjomba alikuwa amechoka. Alikubali. Mimi ndiye niliyekwenda Kinama kumweleza yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Unasema hawatarusha mawe?" Nikamwambia hawatarusha. Akasema basi.

Fundi alipasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha kwa nyundo kutwa nzima, akayafunga kwa riveti. Boneti aliibonyeza kutoka chini, mkono mmoja umeshika mfuko wa mchanga, mwingine nyundo ya mti, polepole, mpaka ikarudi mahali pake. Akapaka masitiki ya kujazia mashimo, akapiga msasa, akapiga rangi. Ijumaa jioni gari lilikuwa linang'aa. Nilijisikia kama mtu aliyevumbua kitu.

Jumamosi tulitoka chumba cha maiti cha hospitali saa nane. Ndugu walikuwa wamemuaga mzee na sanduku limefungwa. Mjomba aliendesha, mama pembeni yake, mimi na fundi tukabanana kwenye kiti cha nyuma yao. Fundi alikuja na mfuko wake wa vifaa kwa sababu hakuiamini rejeta. Ndugu walifuata kwa basi dogo.

Kwetu sanduku likipita, watu husimama. Mwenye baiskeli hushuka, mwenye kofia huivua, muuza ndizi huweka kikapu chini. Hakuna aliyetufundisha, unaona ukiwa mdogo, unafanya. Siku ile hakuna aliyesimama. Baiskeli zilitukata mbele. Kijana mwenye mkokoteni wa maji alitutukana tumpishe. Mama alikuwa anaangalia nje, mara kulia, mara kushoto. Sikuona uso wake, niliona shingo tu. Nilianza kuelewa alichokuwa anatafuta.

Bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, ilikuwa kaskazini, kwenye njia ya makaburini, baada ya nyumba za mwisho. Siku zote mjomba alipita pale bila kusimamishwa sana: walichungulia kioo, wakaona sanduku na maua, wakapunga mkono. Safari hii koplo alilizunguka gari akigonga bati kwa vidole.

"Humu kuna nini?"

"Maiti, shefu," mjomba alisema.

"Gari ya maiti ina vioo. Mi naijua hii gari. Nani aliziba? Munaficha nini?"

Kila mtu alikuwa amesikia habari za bunduki zinazosafiri ndani ya masanduku. Mjomba alimwonyesha karatasi za hospitali. Koplo hakuzitazama. Alitaka sanduku lishushwe na lifunguliwe. Nikashuka na kuanza kumweleza kwamba bati ni wazo langu, kwamba tulikuwa tunaogopa mawe, kwamba kwa mantiki...

"Na we ni nani?" koplo akaniuliza.

Mama akashuka. "Fungueni," alisema. "Asubui nilimuaga. Nitamuaga tena."

Tuliliweka sanduku juu ya lami. Fundi alifungua misumari ya skurubu moja moja, akageuka pembeni ili asimwone mtu ambaye si wake. Mama mwenyewe aliinua kifuniko. Tai ya mzee ilikuwa imekwenda upande, akainyoosha. Akamwambia koplo, bila hasira, "Angalia vizuri, mutoto wangu. Bunduki hiyo." Koplo aliangalia mara moja, akavua bereti. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni, wakingoja kupita, walishusha mizigo yao kichwani.

Sanduku lilipofungwa nilishika upande mmoja kulirudisha garini. Mama akatuzuia. "Fundi," alisema, "hizi bati, unaweza kutoa?"

"Hapa?"

"Hapa."

Fundi alimwangalia mjomba, akaniangalia mimi, akatoa patasi. Koplo alilalamika kuhusu saa ya amri ya kutotoka nje, kisha akamtuma mwanajeshi ashike mabati yasianguke miguuni mwa watu. Riveti ziliruka moja baada ya nyingine. Rangi ile niliyoisifu jana yake ilikwaruzika yote. Gari lilibaki na matundu manne, bila kioo, bila pazia.

"Upepo utachukua maua," mjomba alisema.

"We wa mawe," fundi aliniambia, "ingia ndani ukamate."

Nikaingia. Nilichuchumaa kando ya sanduku, mkono mmoja juu ya maua, mwingine juu ya kifuniko, na kwa kila tundu mtu yeyote aliweza kuniona. Niliogopa, sitaficha. Mbele kidogo palikuwa na kioski, vijana watano wamekaa juu ya kreti za bia. Mmoja alisimama tulipokaribia. Sijui mpaka leo kama alisimama kwa heshima au ili aone ni wa nani. Mkono wake ulikuwa mfukoni. Hakuutoa. Wengine nao wakasimama.

Baada ya hapo alikuja mzee mmoja mwenye baiskeli, magunia mawili ya makaa nyuma. Ilimchukua muda kushuka. Mjomba alimwona, akapunguza mwendo mpaka karibu tusimame, tukamngoja mpaka miguu yake yote miwili ikafika chini. Mama alitoa mkono dirishani, akampungia kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.