Kundi la Wazima

Mtaani kwetu wanamwita Mama Mapazia. Kushona mapazia ndiyo kazi yake, na hapa hakuna mwenye mkono kama wake: pindo limenyooka, mikunjo inalingana, na pazia likitundikwa linagusa sakafu bila kuburuta. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, cherehani karibu na dirisha, vitambaa vimepangwa kufika darini. Pini zake hukaa kwenye ukosi wa gauni, kwa sababu meza humezwa na vitambaa na pini hazionekani tena.

Ana ugonjwa ambao madaktari huuita baipola. Hisia hupanda kupita kiasi, mtu asilale wala asichoke, kisha hushuka kupita kiasi, mtu ashindwe hata kufungua mlango. Mara ya kwanza zilipompanda, alimshonea mapazia kila jirani. Hakuna aliyeagiza. Alipita na futi yake akipima madirisha ya watu, akashona bila kupumzika, akayatundika mwenyewe: kwa muuza mkaa, kwa mwalimu, kituo cha polisi, mpaka kwenye kidirisha cha banda la kuku. Watu walipiga makofi, wakapokea, halafu wakamwita kichaa. Mapazia hawakuyarudisha. Mpaka leo, anayetaka kumsengenya Mama Mapazia katika mtaa huu hufunga kwanza pazia alilopewa bure, ndipo aanze.

Hisia ziliposhuka, chumba cha mbele kilifungwa na yeye akalala akiutazama ukuta. Hapo kaka yake mkubwa akaja kumchukua binti mdogo wa Mama Mapazia, kwa ahadi kwamba atamrudisha mama akitulia. Kaka huyu ni ofisa wa idara ya maji. Familia humwita Mwenyekiti, kwani hakuna kikao cha ukoo ambacho hakukiendesha, na pasipokuwa na kikao hukiitisha. Sikatai, wakati ule mtoto alihitaji mtu wa kumtazama, na wifi mtu, mke wa Mwenyekiti, alimlea vizuri. Ubaya ulianza mama alipopata nafuu. Alipata dawa inayomfaa, akaimeza kila siku, akahudhuria kliniki, akafungua kazi yake, akalala usingizi kama watu wengine. Akaenda kumwomba mtoto wake. Mwenyekiti akamwambia asubiri. Akaenda tena, akaambiwa asubiri. Alipouliza anasubiri nini, kaka mtu akasema atamjulisha.

Jibu lilitoka hospitali. Watafiti walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea ili wapigwe picha za ubongo kwa mashine ya sumaku: wagonjwa wa baipola upande mmoja, ndugu zao wasio na ugonjwa upande wa pili, wapate kulinganisha kundi na kundi. Mama Mapazia alikubali, akasema kama kichwa chake kimemsumbua miaka yote hiyo, sasa nacho kifanye kazi. Mwenyekiti akakubali kuwa ndugu wa kulinganishwa. Daktari wa utafiti, mwanamke mwenye subira kuliko tuliyostahili, aliwakalisha wote wawili akawaeleza polepole. Picha ya mtu mmoja haiwezi kusema kama yeye ni mgonjwa au mzima, wala kama amepona. Tofauti zinazotafutwa ni ndogo sana, na huonekana tu picha za watu wengi zikiwekwa pamoja. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayengoja mwenzake amalize ili aongee yeye. Alichokisikia ni kwamba yeye amewekwa katika kundi la wazima.

Sijapata kumwona mtu akivimba kwa kitu kidogo hivyo. Alitangaza kazini, kwa kinyozi, na kwenye mazishi ya mtu aliyemfahamu nusunusu, kwamba hospitali imemchagua kwa ajili ya ubongo wake. Kisha akaitisha kikao na kutoa hukumu: mashine itaamua. Picha ya dada ikionekana imetulia, mtoto atarudi kwa mama yake. Ikionekana vingine, mtoto abaki palepale na jambo hilo lisiletwe tena. Mama Mapazia akamkumbusha maneno ya daktari.

"Daktari anaongea kitaalamu," Mwenyekiti alisema. "Sisi ni familia. Tunataka kuona kwa macho."

Watu wazima waliokaa pale, baadhi wana vyeti ukutani, wakaona ni sawa. Mama mwenyewe alikuwa mbele yao, amekula vizuri, amelala vizuri, gauni limepigwa pasi, anajibu kila swali kwa adabu. Hawakutaka kumtazama yeye. Walitaka kutazama picha yake.

Siku ya kupigwa picha, Mama Mapazia aliingia kwanza. Mhudumu akamwambia atoe kila kitu cha chuma, naye akaanza kuchomoa pini: ukosini, mikononi, kwenye pindo la gauni, mpaka kisahani kikajaa. Akalala kwenye kitanda chembamba, akasukumwa ndani ya bomba, mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati. Hakutikisika. Baadaye aliniambia alikuwa anakata pazia kichwani, na alipolimaliza akaanza la pili.

Kisha akaingia Mwenyekiti. Alipewa kimpira cha kubonyeza mtu akishindwa kuvumilia, akakibonyeza kabla mashine haijaanza. Wakamtoa, wakampa maji, wakamrudisha. Safari hii hakubonyeza, aliongea. Alimuuliza mhudumu kama ana uhakika na anachofanya. Aliagiza hewa iongezwe. Alitoa maoni kuhusu foleni ya mapokezi. Aliombwa kupitia kipaza sauti anyamaze na kutulia, naye akaeleza kwa kirefu jinsi alivyotulia. Dada yake, kwenye benchi la nje, alisikia yote. Mwenyekiti aliendesha kikao ndani ya bomba, peke yake, kidevu kikipanda na kushuka mpaka muda ukaisha.

Kila mmoja alipewa picha moja ya kumbukumbu, ya plastiki ngumu, ndani ya bahasha. Mwenyekiti aliambiwa pia, kwa upole, kwamba kwa sababu ya kutikisika picha zake hazitafaa, na kwa hiyo ameondolewa katika kundi la wazima. Hilo hakumpelekea kinyozi.

Kikao kilifanyika sebuleni kwake. Mwenyekiti aliinua picha ya dada yake dirishani, akaigeuza huku na huku, akatafuta. Ubongo ulionekana vizuri, pande mbili zimelingana kama pazia la jozi. Hilo halikumpendeza. Hatimaye kidole chake kikatua katikati, penye weusi wenye umbo la kipepeo. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba hayo ni mashimo, na kwamba mtu mwenye mashimo kichwani hakabidhiwi mtoto. Wajumbe wakaguna. Mama Mapazia akaiweka mikono yake mapajani, akasema daktari alishamwambia kwamba hayo mashimo kila mtu anayo.

Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yao, alikuwa ameketi pembeni akitazama.

"Na yako iko wapi, mwanangu? Tulinganishe."

Mwenyekiti akasema ameiacha ofisini.

"Iko juu ya kabati, chini ya masanduku," alisema mkewe, na akawa ameshasimama.

Iliinuliwa dirishani. Ilikuwa kama kitambaa kilichotazamwa ndani ya maji yanayotikiswa: mistari juu ya mistari, fuvu limeonekana mara mbili, pua haipo. Mjumbe mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama inaambukiza. Kwa sheria waliyoipitisha wenyewe, hakuna kichwa kilichowahi kuonekana kibaya hivyo katika ukoo, na mwenye kichwa hicho ndiye anayekaa na mtoto.

Mwenyekiti akakohoa. "Jamani, tusiwe washamba. Daktari mwenyewe alituambia, hizi picha hazimpimi mtu mmoja mmoja. Haziwezi kusema nani mzima na nani mgonjwa."

Alilisema vizuri kabisa, karibu neno kwa neno. Kumbe alikuwa amesikia.

Mama Mapazia angeweza kumcheka. Mimi ningemcheka. Alichukua picha yake, akairudisha kwenye bahasha, akamtazama kaka yake usoni.

"Basi, Kaka, tumekubaliana. Kama haisemi lolote juu yako, haisemi lolote juu yangu. Nimemfuata mtoto."

Mwenyekiti alitaka hoja ijadiliwe. Wifi mtu hakungoja. Alikwenda chumbani akarudi na begi la shule na mfuko wa nguo, ambavyo vilionekana vimekunjwa na kupangwa kabla ya siku ile, na nyuma yake mtoto amevaa viatu. Mama Mkubwa akainuka awasindikize. Mwenyekiti akaikumbusha migongo yao kwamba kikao hakijafungwa.

Mama Mapazia bado ni mgonjwa. Kuna wiki anafunga mapema, na kuna siku binti humuuliza kama amemeza dawa, naye humwonyesha. Picha yake anayo, ipo mezani kati ya vitambaa. Plastiki yake ni ngumu, ukingo umenyooka, na huitumia kuchorea mstari wa chaki kabla ya kukata.