Suti ya Sare

Mdogo wangu alipokaribia kuolewa, mama na wenzake wa kanisa waliamua wanawake wote wa familia wavae sare: kitenge cha kijani chenye maua ya manjano. Kila mmoja angekipeleka kwa fundi wake na kushona mtindo wake. Mimi ni mwanamke mnene wa miaka arobaini na moja, ninaishi Apple Valley huku Marekani na mwanamke ninayempenda, na magauni niliyaacha zamani. Nikaamua kushona suti.

Fundi wangu, mama wa Kikongo anayeshonea sebuleni kwake Hopkins, aliniomba picha kama mafundi wote. Nikampa simu. Nilikuwa nimepekua wiki nzima kurasa za mitindo ya wasagaji, neno ambalo silionei haya tena.

"Uyu wa mu photo iko mwembamba sana," akasema. "Weye uko na mwili. Uniletee modèle ya mutu kama weye."

Sikuwa na picha ya mtu kama mimi. Kurasa zile zilijaa wasichana wembamba, vifua bapa, suti zimewakaa kama zimetundikwa kwenye henga. Matangazo ya nguo za saizi yangu nayo yalikuwa na akina dada wanene, wote wamevaa magauni, wote wanacheka. Nilishikwa na hasira ya kitoto, ya kutaka kurusha simu dirishani. Fundi akaguna, akachukua tepu yake akasema basi tupime. Akapima kifua, tumbo na nyonga, bila kunipunguzia hata inchi moja. Wapo mafundi wanaokupunguzia ili usijisikie vibaya, halafu nguo inakubana mbele za watu.

Suti ilinikaa vizuri. Nilipendeza, na sioni kwa nini niseme vinginevyo.

Mama aliniangalia kanisani kuanzia viatu mpaka kola, akaendelea kugawa maua. Miaka sita iliyopita nilimweleza kwamba napenda wanawake, na tangu hapo tumezungumza kuhusu theluji, shifti zake na bei ya unga. Siku ile nilitaka jambo moja tu, asinionee aibu mbele za watu. Sikujua kama ananionea aibu hiyo. Nilicheza na mashangazi tulipoingia ukumbini, nikasimama kwenye picha ya familia, nikala nikashiba.

Kwetu harusi haijaisha mpaka watu wa nyumbani Kenya waione kwenye video. Ilipokuwa tayari kuwekwa mtandaoni, mama aliniita kwake Anoka tuitazame kwanza. Alikuwa ametoka kazini, bado ana sare ya uuguzi, miguu ameiweka juu ya stuli.

Mashangazi waliingia wakicheza. Katikati yao, nilipokuwa mimi, palionekana bega la kijani, kisha kamera ikahamia kwenye keki. Picha ya familia ilikatwa kwenye sikio la shangazi aliyesimama karibu nami. Nikatafuta kwa saa mbili nzima na sikujiona. Nikaamini ni mama aliyeagiza nikatwe. Video yenyewe haikuniuma kama hilo. Nilianza kutafuta funguo za gari.

Mama akaisimamisha. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, akairudisha tena. Kisha akampigia mpiga video, kijana wa kanisani kwao, akaweka spika.

"Firstborn wangu ako wapi?"

"Auntie, nilim-cut kidogo," kijana akasema. "Ju ya watu wa home. Vile alikuwa amevaa, na vile ako... nikaona nisikuletee maswali."

"Kwani maswali ataulizwa nani? Wewe?"

"Hapana, Auntie."

"Basi mrudishe," mama akasema. "Kwa dance na kwa picha. Mrudishe mzima, na hiyo tumbo yake usiikate."