Taka za Meza ya Sonara

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilifagia karakana ya watu nikasimama mlangoni kusubiri sifa, kumbe nimejifukuza kazi mwenyewe. Wewe Jumatatu unaanza majaribio kwa sonara hapo mjini, kwa hiyo keti unisikilize. Simu weka pembeni. Mimi nimekaa kwenye meza ya usonara mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na wanawake wengi wa Mpanda wameolewa kwa pete zilizotoka kwenye mikono hii. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Nilitoka kijijini Usevya nikiwa msichana wa miaka ishirini. Kupiga tupa na kulehemu nilifundishwa na mjomba, aliyekuwa anatengeneza hereni za shaba nyumbani. Dhahabu nilikuwa sijaigusa. Nikaja hapa Mpanda kwa Mzee Salumu, sonara wa maneno machache, akanipa siku tatu za majaribio. "Nikikuelewa utabaki," akasema. "Nisipokuelewa, basi la Usevya unalijua." Na mimi kwetu nilikuwa nimeaga kwa majigambo kwamba sirudi tena kulima mpunga. Nikiikosa kazi ile, ningeanza kuchekwa tangu stendi.

Siku ya kwanza nililainisha pete mpaka vidole vikauma. Mzee akaitazama, akaguna, akanipa nyingine. Nikajiona nimeshafika.

Siku ya pili nikawahi. Kwetu mgeni mwenye adabu hangoji kuambiwa. Akiamka anashika ufagio. Mke wa mzee, Mama Zuhura, akanifungulia karakana. Nikafagia chini ya meza, nikakung'uta ile ngozi wanayotandika mapajani, nikamwaga na maji machafu ya ndoo ya kunawia. Vyote shimoni, nyuma ya nyumba. Jamani, palivyong'aa!

Mzee akafika. Nikamwamkia. Macho yake yalikuwa sakafuni.

"Nani kafagia hapa?"

Mama Zuhura akanitazama usoni, akanihurumia. "Nadhani ni mimi, baba Zuhura," akaanza. Nikamkatiza.

"Ni mimi, mzee. Taka nimezimwaga shimoni."

Akaketi taratibu. "Binti, sonara hamwagi taka. Kila tukipiga tupa, unga wa dhahabu unadondoka. Uko kwenye vumbi, kwenye ngozi, hata kwenye maji ya kunawa. Tunakusanya miezi, halafu tunachoma, tunaosha. Ndicho chakula cha nyumba hii. Sasa chukua mfuko wako, nenda kwenu."

Lo! Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nikachukua mfuko, nikafika barabarani, machozi yananitoka, najiuliza nitamwambia nini mama. Hapo hasira ikanipanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Nikarudi.

"Mzee, kwenda nitakwenda," nikamwambia. "Ila siwezi kuondoka nikaacha dhahabu yenu shimoni."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi siku ile niliyazoa. Niliingia shimoni kwa miguu yangu, nikachota vumbi, majivu, maganda ya ndizi, hata lile tope lililolowa. Nikachekecha, nikaosha kwenye karai kama nilivyowaona wachimbaji wadogo wakifanya mtoni. Saa saba mchana bado nimeinama juani. Wapita njia wakacheka. Nikawaambia, "Chekeni tu, nyie mna muda."

Mwishowe chini ya karai pakabaki mstari mwembamba wa njano. Mzee akauyeyusha, ukawa tone dogo kama punje ya mtama. Akaliweka kwenye mizani, akaguna.

"Imepungua, mzee?"

"Imepungua. Kiasi gani, utakuja kujua ukishazeeka kwenye meza hii."

Nilisimama pale sijaelewa, mpaka Mama Zuhura akapiga kigelegele.

Sasa shika haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kila kazi ina miiko yake, na mikono hodari peke yake haiijui, kwa hiyo uliza kabla hujagusa, hata kama ni jambo ulilofundishwa na mama yako tangu utotoni. Na ukikosea, maana utakosea, sema "ni mimi" kabla mwingine hajakubebea. Mficha uchi hazai. Tena usiishie kwenye samahani. Inama urekebishe, hata kama kazi umeshaikosa. Wengi wanadhani nilirudi shimoni ili niajiriwe. Hapana. Nilirudi kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kazi ikanifuata huko huko.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho makali na mkono usiotetemeka, akupe bosi mkali lakini mwenye haki, na siku utakayokosea akupe miguu ya kurudi.